Mbali na mama yako

Tangu Jumamosi kuna sentensi moja imenikaa kichwani haitoki. Nikiosha vyombo ipo, nikiendesha gari ipo, juzi nimeamka saa tisa usiku kunywa maji nikaikuta nayo iko macho.

Jumamosi si ndio ilikuwa intavyuu ya Kaka, mwanangu, kwa mbunge. West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, huingii kwa maksi peke yake, kwa watoto wengi lazima mbunge wa jimbo lako au mmoja wa maseneta wawili akupendekeze, na mbunge mmoja hawezi kuwa na vijana zaidi ya watano pale chuoni kwa wakati mmoja, sasa hebu fikiria hapa Houston watoto wanaoitaka hiyo nafasi ni wangapi. Mimi nikabaki kwenye korido na wazazi wengine nimeshika koti lake. Dakika ishirini. Akatoka, tai imemwendea upande, tukatembea mpaka kwenye gari hajasema kitu, nilipowasha ndio akaniambia kulikuwa na mzee mmoja kwenye jopo, kanali mstaafu, kamuuliza: "Mbali na mama yako, nani amewahi kukwambia kazi yako ni mbovu?"

Nikamuuliza ukajibuje? Akasema, "Nilijibu tu, Mama." Akageukia dirishani mpaka nyumbani.

Mbali na mama yako. Jamani. Nimejibu hilo swali mimi mara mia, jikoni, bafuni, foleni ya benki, kila mara namjibu yule mzee vizuri zaidi. Na kinachouma ni kwamba hakukosea. Transkripti ya miaka minne nimeiandika mimi, maksi nimetoa mimi, sahihi chini ni yangu, na hapa Texas ukisomesha mtoto nyumbani serikali haikudai usajili wala mtihani wowote, ukisema mwanao ana A kwenye fasihi basi ni neno lako hilo. Ndio maana tukampeleka komyuniti koleji kusoma kemia na kalkulasi, ndio maana amefanya SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, mara tatu, ndio maana nimekaa miezi miwili nikiandika maelezo ya kila somo, kitabu gani, tulisoma nini, kurasa 31. Hata mtihani wa viungo tumefanyia mazoezi mimi na yeye, ule wa kurusha mpira wa kikapu ukiwa umepiga magoti, nimechora mistari ya chaki hapo nje tunapoegesha gari, mimi na futi kamba, yeye na kipande cha kapeti chini ya magoti maana yalikuwa yameshachubuka. Halafu mtu anaangalia yote hayo anaona mama tu.

Wiki hii mdogo wangu kajifungua mapacha kule Mwanza, salama wote watatu alhamdulillah, na Baba Watoto kaambiwa kazini kwao watapunguza watu Januari, na bado mimi nabishana na kanali nisiyemjua hata jina.

Jumatano jioni nasukuma chapati, Kaka anapindua, akasema bila kuniangalia, "Mama, mbona hujaniuliza tena nilimjibu nini yule mzee?"

Nikasema haya, ulimjibu nini.

Akasema alimwambia kuhusu ripoti ya kemia. Ripoti gani? Ya maabara, muhula ule wa kwanza, mwalimu kairudisha mara mbili na juu kaandika maneno mawili tu, andika upya. Ya tatu ndio akapata B. Mimi hiyo B niliiona, hizo mbili za kwanza sijawahi kuziona kabisa. Nikamuuliza mbona hukunionyesha, akasema, "Ungemwandikia imeli."

Nikanyamaza, chapati ikaungua upande mmoja. Ningemwandikia kweli. Mwalimu wa piano nilimwandikia, na yule wa Kispania pia.

Akaenda chumbani akarudi nayo, ameitunza kwenye faili. Ukurasa wa pili kuna mduara wa wino mwekundu, Kaka kaandika bureti, ule mrija wa kupimia kimiminika maabara, imesoma 24.3 na mwalimu kaongeza sifuri mwishoni, 24.30, kwa sababu bureti inasomwa mpaka desimali ya pili, na ukiiacha hiyo sifuri ni kama unasema hukuangalia vizuri. Akaniambia alimfuata mwalimu ofisini mwenyewe, akasimama mlangoni, akamuuliza nimekosea wapi. Ndio hicho alichomwambia kanali. Kanali akaandika kitu, hakusema neno.

Nilifurahi nikataka kumkumbatia na mikono yangu ya unga. Kweli nilifurahi. Lakini usiku nimelala naifikiria ile faili. Miezi yote ile ilikuwa chumba cha pili na sikujua. Baba yangu alirudi kutoka vita vya Kagera 1979, na mpaka tunamzika hakuwahi kumwambia mama alichokiona huko. Mama akinipigia anauliza hii ya Kaka ni kama mujibu wa kwetu, anaenda JKT anarudi? Namwambia hapana Mama, ni chuo miaka minne, halafu jeshini mitano, halafu mitatu mingine ya akiba wakimhitaji wanamwita. Ananyamaza kidogo, anasema basi ale vizuri.

Kaka ameshaanza kujua cha kunificha ili nisiumie. Ana miaka 17. Nimemwambia akitaka aiweke ile ripoti kwake, sitaiomba tena, na barua ya ofisi ya mbunge ikija aifungue yeye.

Sasa hivi kinachonikosesha usingizi ni kingine kabisa. Dawa za presha za Mama zinaisha Ijumaa, juzi nimetuma hela kwa mjomba Muheza azinunue, nikamwandikia WhatsApp na picha ya kopo. Tiki moja tu ya kijivu mpaka sasa. Nimepiga mara nne haipatikani, na jirani mwenye simu kasafiri.