Kumi zilikwisha lini?

Mjukuu wangu amerudi kutoka JKT wiki hii. Amekonda, amekomaa, anaamka saa kumi na moja alfajiri bila kuitwa na mtu. Jana baada ya chakula cha usiku alivuta kigoda karibu yangu, akaanza kunieleza namna ya kufungua na kufunga SMG, bunduki ya aina ya AK-47. Nilimwacha aeleze. Alitaja kifaa kimoja kimoja kwa mpangilio, vidole vikicheza hewani kana kwamba silaha iko mapajani mwake. Alipomaliza akaniuliza, "Babu, na nyie Kagera mlikuwa mnatumia hii hii?"

Nikamwambia wenye SMG walikuwepo, lakini mimi nilipewa SAR. Akakunja uso kidogo, kama mtu aliyenionea huruma.

SAR ndiyo ile SKS aliyoibuni Simonov wa Urusi mwaka 1945, na Wachina nao wakaja kuitengeneza kwa wingi. Risasi yake ni ile ile ya SMG, milimita 7.62 kwa 39, ila SAR inachukua kumi tu, na magazini yake huichomoi. Unafungua chemba, unaweka juu yake kibanio cha bati chenye risasi kumi, unazisukuma kwa dole gumba mpaka zizame. Ni ndefu, mti wake mzito, na singe imekunjwa chini ya mtutu muda wote. Ina jambo moja ambalo SMG haina: risasi ya kumi ikishatoka, chemba inabaki wazi. SMG ikiishiwa inajifunga, nawe utajua pale unapofyatua na kusikia mlio mtupu. SAR inakuonyesha, ukitazama.

Sikutazama. Ndilo nililotaka kumweleza kijana jana, na nimekesha nikilitafutia maneno.

Nilikuwa na miaka 21. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Novemba 1 akatangaza kwamba ardhi yote mpaka mtoni ni ya Uganda. Daraja la Kyaka likavunjwa. Mwalimu alipolihutubia taifa, kijijini kwetu Usukumani tulikuwa tumeizunguka redio moja, na alipofika pale pa uwezo, sababu na nia ya kumpiga, wazee walikuwa wameshasimama. Jeshi lilikuwa halijafika watu 40,000. Miezi michache baadaye lilipita 100,000, na katika hao walioongezeka wengi tulikuwa mgambo, watu wa jembe na ng'ombe. Tulifundishwa kwata, shabaha, kuchimba handaki, kisha tukatembea. Vita ile kwa askari wa miguu ilikuwa kutembea. Mji wa Masaka, ndani ya Uganda, ulipoanguka Februari 24, 1979, soli ya kiatu changu cha kushoto ilikuwa imefungwa kwa waya.

Mbele ya Masaka kuna Lukaya, kwenye barabara ya Kampala, na hapo barabara inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi. Mafunjo kushoto, mafunjo kulia. Machi 10 brigedi yetu, karibu yote mgambo ambao hatujawahi kupigana vita kamili, tuliingia Lukaya. Upande wa pili walikuja Walibya waliotumwa na Gaddafi kumwokoa Amin, wana vifaru vya T-55 na mizinga ya maroketi, Katyusha.

Jenerali Musuguri, aliyekuwa kamanda wa Divisheni ya 20, alipofariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104, nilikaa na redio siku nzima. Walitaja Mutukula, Masaka, Mbarara, Kampala. Lukaya nayo ikatajwa kuwa ushindi mkubwa, na ni kweli ulikuwa ushindi. Nilisubiri mtu aiseme Machi 10. Hakuna aliyeisema.

Tulikimbia. Maroketi yale mengi yalipita juu ya vichwa vyetu yakaangukia mbali nyuma, hayakutuua kama tulivyodhani yanatuua. Lakini mtu asiyewahi kuusikia mlio ule, yanakuja kwa makumi, moja halijalia lingine limeshalia, miguu yake haisubiri amri. Nilimwona wa kulia kwangu ameinuka kutoka handakini. Nikainuka na mimi. Kuanzia hapo nakumbuka mafunjo yakinikata usoni, maji ya kinamasi mpaka kiunoni, na mtu akiita jina la mama yake kwa lugha nisiyoijua. Maofisa walisimama barabarani wakituita, wengine wakitushika mikono. Walitukusanya mmoja mmoja usiku ule.

Kulipoanza kupambazuka sajini wetu alipita kwenye mstari. Hakutukana, hakuuliza nani alianza kukimbia. Kila mtu alimwuliza swali moja tu: "Bunduki yako iko wapi?" Wengine walitazama chini. Mimi nilimnyooshea SAR yangu, nikijisikia mtu. Akaipokea, akaitazama, akanirudishia taratibu bila kusema neno. Ndipo nikaona. Chemba iko wazi, imejaa matope mpaka juu.

Maana yake nilipiga zote kumi. Sikumbuki kupiga hata moja. Sijui nilipiga nikiwa handakini au nikiwa nakimbia, sijui nilielekeza wapi, sijui kama mbele ya mtutu alikuwepo adui au mwenzangu. Usiku kucha nilikuwa nimekumbatia bunduki tupu nikiamini inanilinda. Swali hilo nimelibeba zaidi ya miaka 45, na mtu wa kulijibu hayupo.

Nikaisafisha palepale, nikapewa risasi, tukarudi.

Hapa napenda nieleweke. Wakati sisi tunakusanywa, Brigedi ya 208 ilikuwa inazunguka kinamasi gizani ili itokee nyuma ya Walibya kwenye barabara ya Kampala. Alfajiri ya Machi 11 wao walipiga kutoka kule, sisi tukapiga kutoka mbele, na Walibya wakabanwa katikati. Waliokufa upande wa pili walipohesabiwa walizidi 400, kama nusu yao Walibya. Nilipita karibu na mmoja, kijana rika langu, buti zake mpya kabisa, kamba bado nyeupe. Bila wale wa 208 siku ile ingekuwa nyingine. Lakini na sisi tulirudi, mahali palepale, kwenye barabara ileile, kwa miguu iliyokimbia jana yake. Mimi naona kurudi kule kulikuwa kugumu kuliko kubaki, na wanaosimulia Lukaya kwa sehemu ya ushindi peke yake wanatunyima kitu kikubwa tulichokifanya.

Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ilikuwa imeanguka.

SAR yangu niliirudisha ghalani kwa mkono wangu, nikaweka saini, namba yake mpaka leo naijua kama ninavyojua majina ya watoto wangu. Si bunduki zote zilirudi. Ghala la silaha la kambi ya Moroto, kaskazini-mashariki mwa Uganda, lilivunjwa mwaka ule ule wa 1979, bunduki zikaingia kwenye wizi wa ng'ombe wa Karamoja, watu wakafa kwa miaka na miaka. Kwetu Usukumani nako wizi wa mifugo ulizidi baada ya vita, mpaka wazee wakaanzisha sungusungu. Niliwahi kuwazika majirani wawili waliopigwa risasi kwenye zizi lao wenyewe. Sajini yule alijua anachouliza.

Haya yote nimemsimulia kijana leo asubuhi, tukiwa tunakata majani ya ng'ombe. Alisikiliza, panga mkononi, hakunikatisha hata mara moja. Nilitegemea ataniuliza kuhusu vifaru au Walibya, ndiyo yanayopendwa na vijana.

Akaniuliza, "Babu, yale matope uliyatoa kwa kutumia nini?"

"Kwa fulana."

"Yako?"

"Ya mwenzangu wa handakini. Aliivua akaichana katikati, nusu akanipa, wala sikuwa nimemwomba."

"Yuko wapi sasa?"

Nikamwambia yuko Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa, wilaya ya Muleba, na kwamba mimi sijawahi kufika. Akaufunga mzigo wa majani, akajitwika. Tulipofika nyumbani akachukua simu yake kutafuta nauli ya basi mpaka Muleba, ya watu wawili.