Kichomi

Tangu Jumatatu neno moja linanizunguka kichwani. Bibi kaleta mjukuu wa miezi 8 kituoni kwetu cha afya, kaambiwa ni nimonia, akauliza taratibu: "Yaani kichomi, mwanangu?" Akajibiwa na mwenzangu: "Kichomi maneno ya kizamani, bibi. Hii nimonia." Bibi akavuta ushungi, akanyamaza. Na mimi nilikuwapo, nikanyamaza. Siku zinapita, lakini miye bado nipo pale pale: "maneno ya kizamani."

La kizamani lipi? Nimonia imetoka kwenye Kigiriki cha kale, *pneumon*, yaani pafu. Inakwambia ugonjwa umekaa wapi, basi. Kichomi kinakwambia mgonjwa anahisi nini: anachomwa ubavuni kila akivuta pumzi. Tena kinasema kweli, maana pafu lenyewe haliumi. Kinachouma ni utando uliolalia mbavu kwa ndani, ukishavimba.

Mtoto wa miezi 8 hawezi kusema anachomwa, ndiyo maana tunamhesabia pumzi. Dakika nzima, ametulia, halii wala hanyonyi. Miezi 2 mpaka 11, zikifika 50 ni za haraka. Mwaka 1 mpaka 5, 40. Yule alikuwa na 58. Ukihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili unajidanganya, kwani pumzi za mtoto hazilingani.

Juzi usiku nikasoma kwamba Wagiriki walikuwa pia na *pleumon*, pafu vilevile, na wataalamu wengi wanalifungamanisha na mzizi wenye maana ya kuelea. Nilifurahi mno! Kila muuza nyama sokoni Wete analijua hilo: pafu la ng'ombe ukilitia kwenye ndoo ya maji linaelea, kwa hewa iliyomo. Sehemu iliyoshikwa na nimonia, vifuko vya hewa vimejaa maji na usaha, huzama. Kumbe hata neno la vitabuni lilianza kwa mtu aliyetazama kwa macho yake, kama waliotupa kichomi.

Jana, siku ya tatu ya dawa ya amoksilini, bibi akamrudisha. Pumzi 38, kifua hakibonyei. Nikamuuliza mimi mwenyewe, mbele ya mwenzangu: "Kichomi kimepungua, bibi?"

"Kimepungua, mwanangu. Usiku kalala."

Sasa mawingu yametanda upande wa bahari, na karafuu za mama ziko jamvini, hazijakauka: ukizikunja bado hazivunjiki.