Kusoma Matetemeko Iceland, Kuuwaza Mlima Gelai

Ninaishi Reykjavík, mji mkuu wa Iceland, na kazi yangu ni utafiti wa matetemeko ya ardhi yanayoambatana na volkano. Ndugu zangu wengi hudhani nilihamia huku kwa sababu kwetu hakuna cha kuchunguza, ilhali nimezaliwa wilaya ya Longido, kaskazini mwa Tanzania, uliko Mlima Gelai, jirani ya Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu wa Wamasai. Lengai ndiyo volkano pekee iliyo hai duniani inayotoa lava ya kaboneti: hutoka ikiwa nyeusi, na joto lake la nyuzi 500 hadi 600 ni kama nusu tu ya joto la lava ya kawaida, kisha ikipata unyevunyevu hugeuka nyeupe.

Mwezi Julai mwaka 2007, nikiwa kidato cha tano, ardhi ya upande wa Gelai ilianza kutikisika, na tarehe 17 likaja tetemeko la ukubwa wa 5.9 ambalo hata Nairobi watu walilikimbia kwa kutoka maghorofani. Baba yangu mdogo, aliyekuwa na mifugo huko, alieleza jinsi nyufa zilivyofunguka ardhini mahali alipozoea kupitisha ng'ombe. Tarehe 4 Septemba, Lengai ulilipuka kwa majivu, na baadhi ya wafugaji wakalazimika kuhama kutafuta malisho. Picha za rada za setilaiti ndizo zilizowaonyesha watafiti kilichotokea: magma, yaani mwamba ulioyeyuka ulio bado chini ya ardhi, ilijipenyeza chini ya Gelai, ikaupanua mwamba kando kwa kando, kisha ikapoa humo humo bila kufika juu. Niliposoma maelezo hayo chuoni nilijua ninachotaka kukifanya maisha yangu yote.

Sehemu kubwa ya kazi ni kukaa mbele ya kompyuta na kusoma mistari inayochorwa na vipima mitetemo. Wimbi la kwanza la tetemeko husafiri kwa kasi ya takriban mara 1.7 ya lile la pili, hivyo ukichukua sekunde zinazoyatenganisha na kuzizidisha mara nane, unapata kwa makadirio umbali wa tetemeko kwa kilomita. Ukiwa na vituo kadhaa unajua mahali na kina. Kwa watu wa volkano, hata hivyo, sura ya mtetemo ina uzito kama mahali pake. Mwamba unaovunjika huandika mstari unaoanza ghafla na kwa ukali. Gesi na majimaji yanayosukumana ndani ya mipasuko huleta mitetemo mizito ya polepole ambayo mwanzo wake ni mgumu kuubaini, na magma inapopita mfululizo huja mngurumo unaoweza kudumu saa nyingi.

Jioni ya tarehe 10 Novemba 2023 mistari hiyo ilijaa kiasi kwamba tetemeko moja lilikuwa halijaisha kabla jingine halijaingia. Vitovu vyake vilikuwa vikisogea kuelekea kusini-magharibi, chini ya mji wa wavuvi wa Grindavík, huku vituo vya GPS vikionyesha ardhi ikitanuka. Magma ilikuwa ikifungua njia ya takriban kilomita 15, na kabla ya alfajiri mji mzima, wenye wakazi zaidi ya 3,500, ulikuwa umehamishwa. Mlipuko wa kwanza ulitokea tarehe 18 Desemba, na mwezi Januari 2024 lava ilifika mjini na kuteketeza nyumba tatu. Hakuna mkazi aliyekuwa amelala ndani yake. Usiku ule wa Novemba niliwaza sana Gelai, kwa kuwa ni tukio la aina ile ile, katika ufa wa aina ile ile, ila hapa kila hatua yake ilionekana ikiwa bado inatokea.

Vituo hivyo havijiendeshi vyenyewe. Mwezi Desemba jua la Reykjavík huonekana kwa takriban saa nne, na paneli za sola hazina msaada. Tunabeba betri nzito mgongoni, tunachimbua theluji hadi tuufikie mfuniko wa sanduku, na vidole hufa ganzi kabla hujakaza nati ya mwisho. Miaka ya kwanza niliuchukia sana msimu huo. Sasa naamini kwamba hapo ndipo sayansi yetu inaposimama au kuanguka, kwa sababu kituo kilichozimika wiki moja kinaweza kuwa kimeikosa wiki iliyokuwa ikingojewa kwa miaka.

Nikimpigia simu baba mdogo, akishaitikia shikamoo yangu huuliza: "Mwanangu, na huu mlima wetu unasemaje?" Humjibu kwa uangalifu, kwani tetemeko lenyewe hakuna anayeweza kulitabiri kwa siku na saa, na hata volkano zinazoonya huonya kwa namna zake. Nyiragongo, volkano ya mashariki mwa Kongo, tarehe 22 Mei 2021, ulitoa dalili zilizo wazi chini ya saa moja tu kabla lava haijashuka kuelekea Goma. Ninachoweza kumwambia ni kwamba mlima wake una wanaoufuatilia. Tangu mwaka 2016 upo mtandao wa GPS kuzunguka Lengai, uitwao TZVOLCANO, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu Ardhi wanashiriki. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 2013, watafiti wa Tanzania, Kenya, Marekani na Ufaransa walitega vipima mitetemo zaidi ya 30 kati ya maziwa ya Natron na Magadi, wakagundua matetemeko yanayotokea kwenye kina kirefu cha gamba la dunia, na hewa nyingi ya kaboni dioksidi ikipanda kupitia mipasuko ya Bonde la Ufa.

Vipima vile vya mitetemo, kwa bahati mbaya, viling'olewa muda wa mradi ulipokwisha. Naliona hilo kuwa pengo letu kubwa kuliko upungufu wa wasomi, maana wasomi tunao: Iceland imekuwa ikiwafundisha wataalamu wa jotoardhi kutoka nchi nyingi tangu mwaka 1979, na Wakenya ni miongoni mwa waliokuja kwa wingi zaidi, wengine wao wakirudi kufanya kazi Olkaria, kunakozalishwa umeme wa jotoardhi nchini Kenya.

Kwa vijana wanaoniandikia wakitaka kuingia katika fani hii, nawashauri wasisubiri viza. Rekodi za mtandao wa Natron na Magadi zimehifadhiwa Marekani na mtu yeyote anaweza kuzipakua bure, na programu ya ObsPy, inayotumika kuzisoma, nayo ni ya bure. Anza na siku moja ya rekodi za kituo kimoja, tafuta wimbi la kwanza na la pili kwa macho yako, kisha niandikie ulichokiona.