Lakini Hana hakukwea

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili iliyopita ninyi mlikuwa kwenye sikukuu ya mavuno, mimi nilikuwa nyumbani. Upepo wa mwezi huu wa nane hupandisha sauti kutoka bondeni mpaka huku kwetu juu ya mawe, kwa hiyo niliisikia kwaya vizuri. Baadaye nikasikia vigelegele vya mnada, nikajua boga la mtu limenunuliwa, likarudishwa mbele, likanadiwa tena. Mtoto alikuwa kifuani. Usiku wa Jumamosi mwili wake ulichemka, alfajiri tukamkimbiza zahanati, wakampima malaria, hakuwa nayo. Tukaambiwa tumwangalie kwa karibu na anyonye kila anapotaka. Ndiyo kazi niliyofanya siku nzima ya sikukuu: kunyonyesha.

Nisiwafiche, nililia. Si kwa ajili ya homa, maana ilishaanza kushuka. Nililia kwa sababu ya swali nililoulizwa katikati ya wiki, pale bombani, na mama mmoja ninayemheshimu: "Mbona siku hizi umepoa hivyo kiroho?" Nilijibu, "Mtoto, mama," naye akatikisa kichwa, akaondoka na ndoo yake. Tangu siku hiyo lile neno "umepoa" lilikuwa likinifuata jikoni, likinifuata kitandani saa nane za usiku mtoto akiamka.

Na ilikuwa sikukuu niliyoiandalia kwa moyo wote. Wengi wenu mnaijua hiyo furaha. Mama mkwe alitutumia viazi vitamu kutoka shambani, gunia zima, na kwa kuwa haviwezi kukaa muda mrefu vikiwa vibichi, nikafanya kama alivyonifundisha mwaka nilioolewa. Vingine nilivimenya na kuvikata vipande vyembamba, nikavianika vikawa michembe. Vingine nilivichemsha kwanza ndipo nikavikata na kuvianika, yakawa matobolwa. Sisi wa huku milimani hatuna haja ya kutandika turubai chini. Mwamba ulio nyuma ya nyumba nimeusugua kwa maji na brashi, ukishika jua la saa nne unakuwa kama kikaango, na usiku bado una joto. Kwa siku tatu nilikuwa nikivigeuza vipande mtoto akiwa mgongoni, huku nikiwafukuza kuku wa jirani.

Boga nalo lilikuwepo, kubwa, lile la ganda gumu la kijani. Mbegu zake niliziosha ute ukaisha, na kabla hazijakauka kabisa nikazitoboa kwa sindano, maana zikikauka zinapasuka, nikazitunga kwenye uzi pamoja na vipande vya maganda ya mahindi vilivyofungwa kama maua. Ikawa kamba nzuri ya kupamba mlango. Niliitundika juu sana, kwa sababu mtoto wa miezi saba akishika mbegu, mbegu iko kinywani kabla hujageuka. Mwenye mtoto anayetambaa, naomba uniamini katika hilo, na jiko lako la mkaa pia liinue kutoka chini.

Tena nilishona mfuko mdogo. Fundi cherehani aliniachia vipande vya kitenge vilivyobaki, na usiku mtoto akilala nilikuwa nikiviunga kwa mkono, kipande kwa kipande, mpaka ukatosha kujaa michembe kama kilo moja. Niliuita malimbuko ya mtoto. Nilikuwa nimejiona kabisa nikipita naye mbele, mfuko umening'inia kwenye kidole chake. Badala yake mfuko ulikwenda na baba yake, nasi tukabaki.

Basi pale kitandani, nikiwa na machozi na mtoto analala na kuamka, nilifungua Samweli wa Kwanza. Sikuwa natafuta kitu. Nilitaka tu kusoma maombi ya Hana, kwa kuwa kila mama huyapenda. Lakini macho yalikwenda mbele kidogo, sura ya kwanza mstari wa 22, nikaona maneno ambayo nimeyapita maisha yangu yote. Elkana, mumewe Hana, na watu wote wa nyumbani mwake wanapanda kwenda Shilo, palipokuwa na hekalu, kutoa dhabihu ya kila mwaka. "Lakini Hana hakukwea."

Wapendwa, nilikaa kitako.

Huyu ni Hana! Mwanamke asiyekuwa na mtoto, aliyelia hekaluni akimwomba Mungu mwana, mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kukimbilia Shilo na shangwe mwaka ule, ni yeye. Muujiza wake, mtoto Samweli, alikuwa amembeba mikononi. Angekwenda kushuhudia, na Penina, mke mwenzake aliyekuwa akimchokoza, amwone. Hakwenda. Alimwambia mumewe kwamba hatakwea mpaka mtoto atakapoachishwa maziwa.

Walimu wengi wa Maandiko wanaona kwamba sikukuu ile ya Shilo ndiyo Sikukuu ya Vibanda, ile ya mwezi wa saba wa Kiebrania, nafaka ikiwa imekwisha kukusanywa na zabibu zimekamuliwa. Sikukuu ya mavuno kama hii yetu. Watu walikata matawi, wakajenga vibanda kwa mikono yao, wakakaa humo siku saba wakila na kufurahi. Kumbukumbu la Torati 16 imewataja wa kufurahi mmoja mmoja: mwana, binti, mtumwa, mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima, mjane. Na sura hiyohiyo inapofika kwenye sharti la kutokea mbele za Bwana mara tatu kwa mwaka, sharti limewekwa juu ya wanaume. Mungu aliyeiweka sikukuu alijua kwamba siku hiyo kuna mama mahali fulani ana kichanga. Hakumwekea mzigo.

Sasa jiulizeni, Hana alikosa sikukuu ngapi? Kliniki zetu hutuambia tunyonyeshe mpaka miaka miwili na zaidi, na wanawake wa nyakati zile walinyonyesha hata miaka mitatu. Kwa hiyo si Jumapili moja. Mwaka wa kwanza msafara ukaondoka, yeye akabaki. Mwaka wa pili vilevile. Labda na wa tatu. Majirani waliona, na sidhani kama wote walinyamaza. Na Biblia inasema nini juu ya miaka hiyo? Haisemi alipoa. Haisemi alirudi nyuma. Inasema akangoja, akamnyonyesha mwanawe. Basi. Roho Mtakatifu aliona neno hilo linatosha kuandikwa.

Dada yangu unayesoma haya mtoto akiwa amelala mkononi na mkono umekufa ganzi, sikia. Nimesema na wewe hasa. Maziwa yale ya saa nane usiku, Bwana ameyaona. Dagaa unaowachagua mmoja mmoja, ukawatoa vichwa na matumbo, ukawakaanga kidogo bila mafuta na kuwatwanga na kuwachekecha ili uji wa mtoto uwe na nguvu, ameuona ule ungo. Nepi ulizofua kwa maji uliyopandisha mlimani ndoo kwa ndoo. Samweli aliyeisikia sauti ya Bwana usiku akiwa bado kijana mdogo, masikio yake yalilelewa na mama aliyebaki nyumbani. Kabla hajaijua sauti ya Eli aliijua ya Hana, na Hana sauti yake ilikuwa imezoea kuomba. Usidhani miaka hii umetolewa kwenye huduma. Imba unapoosha vyombo. Omba unaponyonyesha, midomo ikicheza tu bila sauti, kama yeye alivyofanya. Ukisinzia katikati ya maombi, sinzia, Mungu hasinzii.

Na tazama alivyokwenda siku ilipofika. Alikwenda na ng'ombe, na chupa ya divai, na efa moja ya unga. Efa hukadiriwa kuwa lita 22 hivi, yaani debe letu moja na ziada. Yule mama hakuwa amelala miaka yote ile. Alikuwa akiandaa.

Halafu kuna kanzu. Sura ya pili mstari wa 19: mama yake alimfanyizia kanzu ndogo, akampelekea mwaka kwa mwaka. Mimi niliyeshona mfuko wa kitenge wiki tatu nimeisoma hii kwa namna nyingine kabisa. Alipimaje? Mtoto yuko Shilo, yeye yuko Rama, mwaka mzima hamwoni. Alikuwa akikisia. Anakaa na kitambaa mapajani anajiambia, sasa atakuwa amefika hapa, mabega yatakuwa yamepanuka kiasi hiki, na pindoni niache kidogo, akirefuka zaidi waifumue. Samweli alikuwa na efodi ya kitani, vazi la kikuhani, ya kazi ya hekalu, lakini alivaa na kanzu ya mama. Shona, dada. Hata kama ni kofia ya uzi, hata kama ni mfuko wa vipande. Mtoto atavaa maombi yako.

Akina baba, neno lenu ni fupi. Elkana aliambiwa na mkewe kwamba haendi, akajibu, fanya uonavyo vema. Hakumwambia, watu watanionaje. Akaibeba dhabihu ya nyumba yake, akaenda. Mume wangu alipobeba mfuko wa kitenge wa mtoto mbele ya kanisa zima nilipata habari zake kabla hajarudi, na nimemheshimu upya.

Lakini kuna jambo jingine, na hili ndilo lililoninyima usingizi tangu Jumatatu. Nilikuwa nimemkasirikia yule mama wa bombani. Nikamwita Eli moyoni mwangu, mtu anayeona midomo inacheza akasema mwanamke huyu amelewa. Ndipo Bwana akanikumbusha daftari.

Kabla sijapata mtoto nilikuwa katibu wa akina mama. Mnanikumbuka na daftari langu la mahudhurio, jinsi nilivyolipigia mstari. Kulikuwa na dada mmoja aliyejifungua mapacha. Jumatano ya kwanza hayupo, nikaandika hayupo. Ya pili hayupo. Alipofikisha wiki ya nane nilisimama kwenye kikao nikasema, mbele ya watu, kwamba wengine Mungu akishawapa walichoomba wanamsahau. Sikumtaja jina, lakini kila mtu alijua. Sikuwa nimepanda kwake hata mara moja. Sikujua kama ana maji, kama amekula, kama kuna mtu wa kumshikia mtoto mmoja anapomwogesha mwingine. Niliandika tu, hayupo, hayupo, hayupo. Nilimwomba Mungu msamaha Jumatatu usiku, na Jumanne nilimpigia simu. Alinyamaza muda, kisha akasema, "Nililisikia lile neno, dada. Liliniumiza." Nikalia naye.

Kwa hiyo nikiwakemea, najikemea na mimi. Tumejifunza kuhesabu waliopo, na asiyeonekana tunamhukumu kwa mbali. Mjane na yatima wametajwa kwenye sikukuu, nasi sikukuu yetu inakwisha saa nane mchana, vyombo vinaoshwa, pilau iliyobaki inagawanywa kwa waliokuwepo. Nani alimpelekea aliye kitandani? Nani alimpelekea mzazi? Mama anayenyonyesha ana njaa kama mkulima wa jembe la mkono, na pengine siku ya sikukuu alikunywa chai ya rangi na kiporo. Tunaimba habari za upendo kwa sauti nne, na mlima wenye mawe unatushinda kupanda. Eli alikosea, ndiyo, lakini Hana alipojieleza mzee hakubishana. Alimwambia aende kwa amani, akambariki. Tuanzie hapo. Ukimwona mama mwenye kichanga hajaonekana, swali la kwanza liwe, "Umekula?"

Nimebarikiwa kwamba mimi niliulizwa hilo. Jumapili ileile, saa kumi na moja jioni, bibi wa nyumba ya chini yetu alipanda taratibu na fimbo yake, akaniamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani salamu mama, akampokea mtoto bila kuomba. Homa ilikuwa imeisha. Akaniambia, pika sasa, nimemshika. Nikalikata lile boga, nikalichemsha na karanga za kutwanga mpaka likawa zito, nikakaanga sato wawili ambao baba wa mtoto aliwapitia soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Maziwa ya mgando yalikuwepo, na matobolwa. Mtoto alipondewa boga peke yake bila chumvi, akafumba macho kwa utamu. Tulikula nje, juu ya mwamba uleule wa michembe, ziwa likiwa jekundu kule chini, na bibi akatuombea chakula kwa maombi ya Hana, "wala hakuna mwamba kama Mungu wetu," akiupiga mwamba kwa kiganja. Ile ndiyo sikukuu yangu ya mavuno.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi nakwenda kwa yule dada wa mapacha, Mabatini, juu kabisa kwenye ngazi za mawe. Mama wa bombani nimemwomba twende wote, amekubali. Ninabeba michembe na karanga. Maji ni shida upande ule, kwa hiyo atakayeungana nasi aje na ndoo yake, na mwenye mkono wa kufua asivae nguo za kanisani.