Alianguka

Ilikuwa Novemba 2017, Dar es Salaam, kliniki ya masikio, pua na koo. Daktari alikuwa mama wa makamo, na maswali yake yote alimwelekezea mke wangu, kama ilivyo desturi mtoto akipelekwa hospitali. Alipozaliwa alilia? Alipata manjano? Aliwahi kulazwa kwa degedege au homa ya uti wa mgongo? Mke wangu ni mwalimu. Alijibu moja moja bila kubabaika.

"Aliwahi kuanguka akaumia kichwa?"

"Hapana, daktari."

Mimi ndiye niliyempakata Babu. Ana jina la marehemu baba yangu, kwa hiyo nyumba nzima tunamwita hivyo. Alikuwa na miaka miwili na miezi minane, umri ambao mtoto anatarajiwa awe ameshaanza kuunganisha maneno, "mama maji", "twende nje", na yake yote hayakufika matano. Feni ilikuwa inazunguka, lakini jasho lilinitiririka mgongoni.

"Alianguka," nikasema.

Oktoba 2015, Jumapili, nyumbani kwetu Makorora, Tanga. Mama yake alikuwa kanisani, nami nimebaki na mtoto wa miezi saba. Nilimlaza katikati ya kitanda, sita kwa sita, nikamzungushia mito, nikaenda kuepua maharage yaliyokuwa yanaungua. Sidhani kama zilipita dakika mbili. Nilisikia kishindo kabla ya kilio. Sakafu yetu ilikuwa saruji tupu. Nilimkuta chali, amekunja ngumi, analia mpaka sauti inakatika, na juu ya sikio la kushoto pameanza kuvimba. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji baridi, nikambembeleza. Mama yake aliporudi alinyonya vizuri, akalala. Nilikuwa nimeshamvisha kofia yake ya kufuma. Nikajiambia nitasema jioni. Jioni nikasema kesho.

Babu alitambaa, alisimama, alitembea kwa wakati wake. Ila hakusema. Akitaka kitu anakushika kidole anakupeleka, akifika anakunyanyua mkono kuuelekeza kwenye kabati. Mama mkwe alisema ulimi umeshikwa, akatwe udata, na alikuwa anamfahamu mzee mmoja wa kuukata kwa wembe. Majirani walisema watoto wa kiume huchelewa, tuache papara. Mke wangu alikuwa na lake. Siku 84 za likizo ya uzazi zilipokwisha alirudi darasani, akamwacha mtoto na dada wa kazi na televisheni. "Nimefundisha watoto wa watu kusoma," aliniambia usiku mmoja, "wangu sikukaa nikaongea naye." Nilimshika mkono. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba kosa si lake, na ningeweza kumtua mzigo ule kwa neno moja. Sikulisema. Hilo linaniuma mpaka leo, kuliko hata kishindo chenyewe.

Usiku alipolala nilikuwa nampapasa kichwa, natafuta kibonyeo au nundu. Miaka miwili nilikuwa natazama kichwa tu. Alikuwa akilala mdomo wazi, anakoroma kama mtu mzima, kamasi hazikauki, nami yote hayo nikayaita mafua.

Daktari aliweka kalamu chini, akanigeukia. Alizimia? Alitapika? Alishikwa na degedege? Damu au maji yalitoka puani, sikioni? Utosi ulijaa? Kuna jambo alilokuwa analiweza kabla ya hapo, kisha akaliacha? Hapana, hapana, hapana. Mke wangu alikuwa anatazama ukutani. Daktari akasema, tena kwa ukali, kwamba siku ile ile ningemleta akaangaliwe, hata kama analia na ananyonya. Kisha akasema mtoto aliyebingirika kutoka kitandani, akalia papo hapo bila kupoteza fahamu, halafu akaendelea kukua vizuri hivi, yeye haoni kama kutokusema kwake kumetoka pale. Akataka tupime masikio kwanza.

"Anasikia huyu," nikasema. "Pikipiki ikipita anakimbilia mlangoni."

Kwenye chumba cha vipimo walimwekea sikioni kiplastiki laini, mashine ikachora. Sikio zima, mtaalamu alituambia, mstari wake hupanda kama kilima kisha hushuka. Wa Babu ulilala bapa, kulia na kushoto, kama bahari ukiitazama kwa mbali. Nyuma ya ngoma za masikio palikuwa pamejaa maji, na nyama za puani zilikuwa zimeziba njia ya kuyatoa.

"Baba, ziba masikio yako kwa vidole," daktari akaniambia. Nikaziba. Akaweka karatasi mbele ya mdomo wake, akatamka kitu. Nikaondoa vidole.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Nimesema nini?"

Sikujua. Sauti niliisikia, neno sikulipata. Nilimtazama Babu aliyekuwa anachezea kitasa cha mlango. Hiyo ndiyo dunia aliyokuwa akiishi, na sisi tulikuwa tunasubiri aturudishie maneno ambayo hayakumfikia.

Tuliambiwa tusubiri miezi mitatu, kwani mara nyingi maji hayo hukauka yenyewe. Ya kwake hayakukauka, akaondolewa nyama na kuwekewa vijibomba vidogo kwenye ngoma za masikio. Mazoezi ya kuongea yalichukua zaidi ya mwaka. Hayo ni marefu, nitayaeleza siku nyingine.

Usiku ule tulilala Magomeni kwa shangazi yangu. Mke wangu aliongea na shangazi, akaongea na mtoto, mimi hakunisemesha. Asubuhi tukapanda basi Ubungo. Chalinze kimya. Segera akashuka kununua maji, akarudi na chupa mbili, moja akaiweka mapajani mwangu bila kunitazama. Babu alikuwa amelala, kichwa kwenye mkono wake, mdomo wazi.

Tulipokaribia Muheza, wauza machungwa wameshaanza kukimbilia madirisha, akauliza: "Upande gani?"

"Kushoto. Juu ya sikio."

Akapeleka vidole vyake pale, akapapasa taratibu, kama nilivyokuwa nikifanya mimi usiku.