Tyubu ya Lori Chini ya Santuri

Mwanangu mdogo ana miaka saba na hajui kutembea, anajua kukimbia tu. Akitoka chumbani kwenda jikoni, kabla hajaufikia mlango sindano ya santuri ishajirusha mistari miwili mbele, na mpiga fidla aliyekuwa anaipandisha sauti pole pole anajikuta yuko mwisho wa wimbo.

Santuri ni za marehemu baba. Ziko sitini na kitu, nyingi ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, taarab na nyimbo za filamu za Kihindi, na chache kubwa za 33. Ipo na moja nzito ya 78 ya Siti binti Saad, aliyevuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kurekodi. Hiyo siipigi, mashine yangu haina mwendo huo. Naitoa tu kuipangusa vumbi.

Tunakaa Kiponda, ghorofa ya pili. Anayezijua nyumba za Mji Mkongwe anazijua na sakafu zake: boriti za mikoko zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe na chokaa. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, boriti haifiki mbali. Za kwetu zimezeeka. Mtu akipita, kabati la vyombo linaitikia, na mashine ya santuri nayo inaitikia, maana ilikuwa imekaa juu ya rafu niliyoiunga mwenyewe kwa ubao mmoja wa mfenesi. (Rafu ya kuwekea vitu, wapenzi wa mpira, siyo ile ya kadi ya njano.)

Ubao mmoja, hata uwe mnene, unalia. Dawa yake ni kuunga mbao mbili na kutia kitu laini katikati. Nilianza na ule utepe wa lami wa kuzibia mabati yanayovuja. Unanata wenyewe, nikajiona mjanja. Ilikuwa Februari, Kaskazi imepamba moto, na rafu iko karibu na dirisha la jua. Siku ya tatu lami ikaanza kuchungulia pembeni, ikashuka taratibu hadi kwenye kanga yangu mpya. Kanga ile sasa ni tambara. Nikaiacha lami, nikaamua kutia mpira wa tyubu ya lori.

Mie mwalimu wa skuli, kwa hiyo jambo hili nililielewa kwa daftari. Likunje: kurasa zinateleza moja juu ya nyingine. Sasa fikiria kati ya kurasa kumepakwa asali nzito. Zitateleza bado, lakini kwa taabu, na taabu hiyo ndiyo inayoula mtikisiko. Inaugeuza joto, dogo kiasi kwamba mkono hausikii kitu. Ubao ukitaka kupinda, mpira wa katikati unavutwa upande huu na upande ule, na nguvu inapotelea humo. Hauhitaji kuwa mnene kama godoro. Milimita mbili zinatosha, ilimradi umeshika juu na chini bila pengo.

Tyubu niliifuata kwa fundi wa kuziba pancha, kule mtaa wa Mwembeladu.

"Tyubu ya lori? Unakwenda kuogelea, dada?"

"Nakwenda kuibandika kwenye mbao."

Akanitazama. "Basi isugue msasa kwanza. Ndani ina unga, na mpira ukiwa laini haushiki gundi. Hata sie kiraka hatubandiki hivi hivi."

Maneno yale yalikuwa na thamani kuliko tyubu. Niliikata, nikaiosha kwa sabuni, nikaianika kivulini, nikaisugua pande zote mbili mpaka mng'aro ukaondoka. Mbao nilichukua plaiwudi, chini milimita 18 na juu 12. Tofauti hiyo ni ya makusudi, ili zisilie sauti moja. Gundi niliyotumia ni ya mafundi viatu. Ile nyeupe ya maseremala haishiki mpira, na ikikauka inakuwa ngumu kama mbao yenyewe. Hii ya viatu unapaka kote kuwili, unasubiri mpaka isishike kwenye ncha ya kidole, ndipo unaunga. Fungua madirisha yote, harufu yake inapanda kichwani.

Na ukishaunga, umeunga. Ubao wa juu ulikaa upogo kwa unene wa kidole na haukusogea tena. Nikaupigapiga kwa nyundo juu ya kipande cha mti, nikaubebesha madumu manne ya maji usiku kucha, asubuhi upogo uko pale pale.

Nikampelekea mzee wangu mmoja seremala aunyooshe ukingo. Aliunyoosha vizuri kabisa, na kwa wema wake akazidisha skrubu nne, toka juu hadi chini. "Nimekutilia skrubu, mwanangu. Gundi haina ahadi." Nilishukuru, nikalipa, na usiku nikazifungua moja moja kama mwizi. Skrubu ikishapenya mbao zote mbili, umezifunga zisiteleze, na mtikisiko umepata daraja. Mpira wa nini tena?

Gonga ubao wa mfenesi kwa kifundo cha kidole: ngo. Gonga huu: du. Lakini kipimo changu hasa ni kuweka sindano juu ya santuri iliyosimama, sauti ya spika iwe ya kiasi, kisha kugusa ukingo wa rafu kwa ukucha. Zamani ilikuwa kama mgeni anabisha hodi. Sasa ni kama nguo imeangushwa kitandani. Hata ule mvumo wa besi uliokuwa ukizunguka chumbani ukatulia.

Kisha mwanangu akakimbia, na sindano ikaruka kama kawaida.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hatua ya mtu haiupindi ubao, inaibeba sakafu nzima juu na chini, na rafu inapanda na kushuka nayo kama ngalawa. Mpira wa katikati hauna kazi ya kufanya hapo. Ilibidi niondoke sakafuni. Ukuta wetu wa nje ni wa mawe ya matumbawe, unene karibu nusu mita. Fundi mwashi alianza kwa kutoboa kwa mashine, na chokaa ya zamani ikamwagika kama unga wa sembe, tundu halishiki kitu. Akachimba kwa tindo, akazika vyuma viwili vya pembe ndani kabisa, akavijengea kwa chokaa mpya. "Wiki mbili, usiweke hata kikombe." Nilivumilia siku kumi na nne kasoro moja.

Rafu ya tabaka sasa imekaa juu ya vyuma hivyo. Mtoto amepita mara nne, mara mbili nikiwa nimemtuma makusudi, sindano kimya. Usiku mmoja niliweka ule wa mfenesi juu ya vyuma hivyo hivyo, nione kama tyubu nilijisumbua bure. Hatua hazikusikika, lakini mvumo wa besi ulirudi. Nikaurudisha wa tyubu.

Jirani wa chini, mshona mabuibui, alikuwa akisikia nagonga wiki zote hizo. Juzi kapanda kuuliza kama kitu hicho kinafaa chini ya cherehani yake ya umeme, maana inatembea mezani kama kaa. Nimeipima meza: sentimita 110 kwa 50. Tyubu iliyobaki haitoshi. Kesho narudi Mwembeladu, na yule fundi ataniuliza tena habari ya kuogelea.