Mvi za Baada ya Kemo, na Hina Niliyoichagua

Nywele zangu ziliporudi baada ya tibakemikali, zilirudi na mvi. Sisemi mvi moja moja za kuhesabika. Lilikuwa fungu zima lililoanzia kwenye paji la uso, likapita utosini na kuishia karibu na kisogo, nazo zile zilizobaki nyeusi zilikuwa laini mno, kiasi kwamba kitana kilichozoea kuvunjika meno kwenye kipilipili changu kilipita bila kukwama popote. Mama mdogo alizishika, akazipapasa kwa muda, kisha akasema kwamba nimerudishiwa nywele za utotoni. Nilicheka, lakini mtoto gani ana mvi?

Naandika haya kwa sababu wanawake wengi niliokutana nao wakati wa matibabu ya saratani ya matiti huuliza jambo lile lile kwa sauti ya chini, kana kwamba ni la aibu: je, naweza kupaka rangi, na kama naweza, ni rangi gani na lini? Kwenye mabenchi ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, jijini Dar es Salaam, ambako majengo ya hospitali ya zamani ya Wajerumani yanatazamana na bahari, mtu atakusimulia bila haya habari za kutapika, za kukosa choo na za kucha kugeuka nyeusi, lakini swali la rangi ya nywele atalinong'ona. Nadhani anaogopa kuambiwa kile nilichoambiwa mimi na jamaa zaidi ya mmoja: "Mshukuru Mungu umepona, rangi ya nini tena?" Kushukuru nashukuru kila siku. Sioni kwa nini shukrani hiyo inizuie kujitazama kwenye kioo na kupendezwa.

Dawa nyingi za tibakemikali huwinda seli zinazogawanyika kwa kasi, kwa kuwa ndivyo saratani inavyokua, lakini haziwezi kutofautisha seli za uvimbe na seli nyingine za mwili zenye kasi kama hiyo. Seli zilizo kwenye shina la kila unywele ni miongoni mwa hizo. Ndiyo maana mtu anayepewa doxorubicin, ile dawa nyekundu ambayo hata mkojo huugeuza rangi, kwa kawaida huanza kuokota nywele kwenye mto kati ya wiki ya 2 na ya 3 tangu dozi ya kwanza. Dozi ya mwisho ikishapita, nywele za kwanza huchomoza aghalabu ndani ya mwezi 1 hadi 3, kisha hurefuka kwa takriban sentimita 1 kwa mwezi. Seli zinazoupa unywele rangi nazo hudhurika, na zikichelewa kurudi kazini unywele huota bila rangi. Kwa baadhi ya watu, weusi wa nywele hurejea baadaye, kwa wengine haurejei, na wapo wachache, hasa miongoni mwa waliopewa docetaxel, dawa nyingine ya tibakemikali, ambao hata nywele zenyewe hazirudi zote. Mimi bado nameza vidonge vya tamoxifen, vya kuzuia saratani isirudi, ambavyo navyo vinaweza kupunguza wingi wa nywele, kwa hiyo sikuwa nikingojea kichwa changu cha zamani.

Ushauri unaotolewa na wataalamu wengi ni kusubiri kama miezi 6 tangu matibabu yamalizike kabla ya kupaka rangi ya kudumu. Muuguzi wa kliniki alinieleza sababu yake kwa maneno machache: nisitazame urefu wa nywele, nitazame ngozi. Ngozi ya kichwa iliyopitia dawa huwa kavu, nyepesi na yenye kuwasha upesi, na mgonjwa ambaye chembe nyeupe za damu bado ziko chini hana haja ya kujitafutia mikwaruzo ambayo bakteria wataingilia. Aliyepigwa mionzi kichwani anastahili kuwa mwangalifu zaidi, na asipake chochote kabla ya kuzungumza na daktari wake. Unywele wenyewe pia una udhaifu wake, kwa sababu rangi ya kudumu hufanya kazi kwa nguvu: amonia huupanua unywele magamba yake, kisha haidrojeni peroksaidi huiondoa rangi ya asili na kuziunganisha chembechembe ndogo za rangi mpya zilizopenya ndani, mpaka zinakuwa kubwa na kushindwa kutoka tena. Unywele imara huvumilia kazi hiyo. Ulioota juzi, mwembamba na mkavu, unaweza kukatikia pale pale.

Basi nilisubiri, na muda ulipotimia nikaingia saluni. Msusi alikuwa mchangamfu, akanipa pole, akaniambia nisihofu chochote kwa kuwa hatanipaka dawa yoyote ya kizungu. Atanipaka hina nyeusi, ya asili kabisa, na nusu saa tu nitakuwa nimemaliza. Akanionyesha pakti yenye picha ya majani mabichi. Nilikulia Tanga, kwenye nyumba yenye mhina uani, na hilo lilitosha kunishtua, kwa maana majani ya mhina hayana weusi na hayajui haraka. Niliomba niisome pakti nyuma. Chini kabisa, kwa herufi ambazo ilinibidi nizisogeze dirishani ndipo nizione, paliandikwa p-phenylenediamine, kemikali ya rangi nyeusi. Nikamshukuru, nikafunga mtandio wangu, nikaondoka. Simlaumu sana msusi yule. Pakti ilimdanganya yeye kabla ya kunidanganya mimi.

Sisi watu wa Pwani tumeishi na kemikali hiyo muda mrefu bila kulijua jina lake la kimaabara, kwa kuwa ndiyo iliyomo mara nyingi kwenye unga mweusi wa piko tunaochorea mikono na miguu ya bibi harusi. Binamu yangu alichorwa piko siku ya kuamkia arusi yake, na fungate halijaisha maua yale yakaota malengelenge yaliyoufuata mchoro hatua kwa hatua, jani kwa jani na kikonyo kwa kikonyo, hata ungeweza kuusoma mchoro wote kwa kidole ukiwa umefumba macho. Mwili ukishaikataa kemikali hii huwa hausahau. Mtu aliyewahi kubabuka kwa piko mkononi anaweza, miaka mingi baadaye, kuvimba uso na kope kwa sababu ya rangi ya nywele ya dukani, na mara nyingi uvimbe hujitokeza siku 1 hadi 3 baada ya kupaka, wakati msusi ameshalipwa na kusahau. Umoja wa Ulaya unairuhusu kwenye rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 inapokuwa imechanganywa tayari kwa kupakwa, na hauruhusu kabisa ipakwe kwenye ngozi. Pakti niliyoishika mimi haikutaja kiwango chochote.

Kuna hofu nyingine, nayo ndiyo kubwa zaidi kwa mtu aliyeugua: je, rangi inaweza kuirudisha saratani yenyewe? Nimesoma kadiri nilivyoweza kuhusu suala hili. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake 46,709 ambao dada zao walikuwa wamepata saratani ya matiti lakini wao wenyewe hawakuwa nayo. Waliotumia rangi za kudumu walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 9 kuliko wasiotumia, lakini kwa wanawake weusi peke yao tofauti ilifikia asilimia 45. Tarakimu hiyo huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa peke yake na hutisha, kwa hiyo nifafanue: ni nyongeza juu ya hatari ya kawaida, haina maana kwamba wanawake 45 kati ya 100 waliugua. Kwa rangi zisizo za kudumu tofauti ilikuwa ndogo au haikuwapo. Mwaka uliofuata ukatoka utafiti mwingine, pia wa Marekani, wa wauguzi 117,200 waliofuatiliwa kwa miaka 36, nao haukuona ongezeko kwa saratani nyingi, ingawa uliona uhusiano na aina chache, zikiwamo saratani ya ovari na baadhi ya saratani za matiti zisizo na vipokezi vya homoni, yaani zile zisizochochewa na homoni. Wauguzi hao wengi wao walikuwa weupe, kwa hiyo sioni kwamba utafiti wa pili unalifuta lile la asilimia 45.

Tafiti hizo zote mbili ziliwahusu wanawake ambao hawakuwa wameugua walipoanza kufuatiliwa, na hazikuundwa ili kujibu swali la mtu kama mimi. Asitokee mtu akamwambia mgonjwa kwamba alijiletea ugonjwa kwa kupaka rangi, maneno ambayo nimeyasikia kwa masikio yangu msibani. Ila kwa kuwa nilikuwa na njia mbili mbele yangu, na mojawapo ilikuwa na maswali machache zaidi, nilichagua hiyo.

Njia hiyo ni hina yenyewe, majani makavu yaliyosagwa bila kuongezewa kitu. Unga wake ni wa kijani kibichi kilichofifia na hunukia kama nyasi zilizokatwa zikaanikwa juani. Ukikuta unga mweusi, au wenye harufu kali ya kuchoma pua, umepewa kitu kingine. Hufanya kazi tofauti kabisa na rangi za peroksaidi: rangi iliyomo kwenye jani hushikamana na protini ya unywele bila kuiondoa ile ya asili, na kwa hiyo haiwezi kumfanya mtu mweusi awe na nywele za dhahabu wala haiwezi kugeuza mvi kuwa nyeusi. Hata hivyo "ya majani" si sawa na "haina madhara." Wapo watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali isiyo nadra Afrika Mashariki, ambao kwao hina inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, na hatari huwa kubwa zaidi kwa watoto wachanga. Nilimuuliza daktari kuhusu hilo na kuhusu vidonge vyangu kabla sijanunua chochote. Kisha nikapaka kidogo nyuma ya sikio na kungoja saa 48, nikaona ngozi imetulia.

Kuipaka sikuweza peke yangu. Nilipofanyiwa upasuaji niliondolewa tezi za limfu za kwapani, na mkono wa upande huo ukiinuliwa juu ya kichwa kwa muda mrefu huanza kuwa mzito na kuuma hadi kwenye vidole. Wifi yangu alijitolea. Aliuchekecha unga kwa chujio la chai, akaukoroga kwa chai ya rangi iliyopoa, na pale alipotaka kukamulia ndimu tatu kama walivyotufundisha bibi zetu nilimsihi asithubutu, kwa kuwa ngozi yangu bado ilikuwa inawashwa hata na sabuni. Tukaridhiana nusu ndimu. Rojo ililala usiku kucha ikiwa imefunikwa. Asubuhi alinipaka mafuta ya mgando kwenye mpaka wa nywele na juu ya masikio ili paji la uso lisigeuke la machungwa, akavaa glovu, akaanza kisogoni akigawanya nywele kwa mpini wa kitana, fungu baada ya fungu. Nywele zenyewe zilikuwa fupi mno, kwa hiyo kazi kubwa ilikuwa kuzuia rojo isirundikane kwenye ngozi. Alinifunga mfuko wa plastiki na kitambaa, nikakaa nayo saa 3, akaniosha kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni.

Ilipokauka nilikuwa na kichwa cha rangi mbili. Zilizokuwa nyeusi zilibaki nyeusi, zikiwa na mng'ao mwekundu unaoonekana juani tu, na lile fungu la mvi lilikuwa la machungwa makali. Wifi alinyamaza kwanza, kisha akasema kwa upole kwamba tungoje, na alisema kweli, maana hina huendelea kukolea kwa siku kama mbili hivi. Kufikia keshokutwa yake machungwa yalikuwa yameingia kwenye kahawia nyekundu. Shangazi aliponiona aliniuliza kama nimejiunga na wazee wa safu ya kwanza msikitini, wale wenye ndevu za hina, na akashangaa kwa nini sikupaka nyeusi nikafanana na watu. Mama mdogo ndiye aliyemjibu, kwa kumkumbusha hadithi ya Abu Quhafa, baba yake Abu Bakr, aliyeletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) akiwa na kichwa cheupe pe, ikaamriwa mvi zake zibadilishwe na weusi uepukwe. Shangazi hakuwa na la kuongeza, nami nilifurahi kwamba mjadala huo haukunihitaji.

Kwa anayetaka weusi bila kemikali ile ya piko, kuna unga wa nili, unaopakwa juu ya nywele zilizokwisha tiwa hina na kuzigeuza za giza. Nao usomwe pakti yake kwa makini yale yale, kwa sababu unga wa nili wa bandia umejaa sokoni. Hina iliyochanganywa na chumvi za madini nayo iepukwe, maana mtu akija kupaka rangi ya peroksaidi juu yake, mchanganyiko huo unaweza kupata moto na kuharibu nywele. Dawa ya kulainisha nywele nimeiacha kabisa kwa sasa, na pasi ya nywele pia. Mizizi ikianza kutoka na mvi, wifi hupaka mizizi peke yake. Pakti ya hina tuliyotumia nimeiweka kwenye faili langu la kliniki pamoja na majibu ya vipimo, ili ngozi ikileta matata daktari asome mwenyewe kilichopakwa badala ya kunitegemea mimi nikumbuke.